Kifurushi Kinachotembea

SWALI: Mwalimu, habari yako. Nimepanda sukuma wiki kwenye magunia nyuma ya ploti. Juzi nikaona kifurushi cha sisimizi waliokufa kimekwama jani la chini. Kumbe kifurushi kinatembea! Jirani anasema nimerogwa, na muuza dawa za mimea anasema nipulize leo leo. Nifanyeje? – Mama Brian, Githurai

JIBU: Mama Brian, weka hiyo pampu chini kwanza. Huyo ni mdudu mwuaji, angali tunutu, hajaota mabawa. Hao sisimizi ni mabaki ya mlo wake. Jamii yake inaitwa Reduviidae, ina spishi karibu 7,000, na kunguni wa kitandani ni binamu yake wa mbali, ingawa huyu wako hana haja na damu yako.

Niliwahi kumtazama mmoja kwenye ukuta wa mawe kwangu Dagoretti mpaka chai ikapoa. Hana haraka. Hatua moja, anasimama, anapapasa kwa vipapasio. Sisimizi alipojipeleka karibu, alimkumbatia kwa miguu ya mbele, na ule mdomo wake, mrija mgumu uliopinda anaoukunja chini ya kichwa kama kisu cha mfukoni, ukazama nyuma ya kichwa cha mwenzake. Mateke mawili matatu, basi. Mate yale hupoozesha, kisha huyeyusha nyama ya ndani ikawa mchuzi wa kufyonzwa. Ganda likibaki tupu halitupwi: alilipandisha mgongoni kwa miguu ya nyuma, likanata juu ya mengine.

Mzigo wote huo wa nini? Majaribio yaliyochapishwa 2007 kuhusu Acanthaspis petax, mdudu wa aina hiyo hiyo anayepatikana huku Afrika Mashariki, yalionyesha kuwa buibui warukao, ambao huwinda kwa macho, waliwashambulia waliovuliwa mizigo mara nyingi zaidi kuliko waliobeba. Buibui haoni windo, anaona takataka.

Mdudu huyu hali sukuma zako. Tena sisimizi anaowapunguza ndio wanaowalinda vidukari, hao wanaokunjakunja majani yako. Ukipuliza dawa, umemfukuza askari ukamwacha mwizi.

Ila asishikwe kwa vidole. Nilimshika mmoja mbele ya darasa la Fomu Tatu, nikijifanya bingwa. Ni sindano ya moto, mama! Jioni nzima niliandika ubaoni kwa mkono wa kushoto. Brian akitaka kumchunguza, mpe kijiti.