Mnaoanza jiografia, ulizeni kwa nini Pemba haina chui

Wadogo zangu mnaoingia kidato cha kwanza, miaka miwili ya mwanzo mimi jiografia niliikariri tu. Siku moja mama akaniambia, "Kesho kutwa mwezi mpevu, twende tukavune mwani." Nikamuuliza amejuaje kama maji yatatoka. Akanitazama kwa mshangao: "Si ndiyo mnayosoma?" Kweli, fasili ya bamvua, yaani maji kujaa na kupwa kupita kawaida, ilikuwa kwenye daftari langu wiki ileile. Niliona aibu, na hapo ndipo nilipoanza kusoma.

Basi chukueni kijidaftari, andikeni kila siku saa ya maji kujaa. Mtaona yanachelewa kwa kiasi cha dakika 50 kila siku, na mwezi ukiandama au ukipevuka yanakupwa mbali zaidi, kwa kuwa jua na mwezi vinavuta kwa mstari mmoja. Wiki mbili zinatosha, na hamtalisahau tena.

Mkipanda gari kutoka Wete kwenda Micheweni, kaeni dirishani. Vilima vya mikarafuu vinakwisha, mawe yanaanza. Waulizeni wakulima aina za udongo wao: kinongo, kichanga, uwanda. Majina hayo yaandikeni pembeni ya somo la udongo.

Lakini kilichonifungua macho hasa ni tarakimu ndogo za kina cha bahari kwenye ramani, zile tunazozipita. Mkondo kati ya Unguja na bara kwa sehemu kubwa haufiki mita 60. Wa Pemba unapita mita 700. Zama za barafu bahari ilishuka kiasi cha mita 120, kwa hiyo Unguja iliungana na bara na sisi wa Pemba tukabaki kisiwa. Ndiyo maana Unguja ilikuwa na chui na Pemba haikupata kuwa naye. Hata kima punju, wale kima wekundu wa msitu wa Ngezi hapa Pemba, waliletwa na watu, miaka ya 1970. Hayo ya chui niliyaelewa kwa kulinganisha tarakimu mbili!

Mtaulizwa somo hili lina kazi gani. Upimaji ardhi, hali ya hewa, uvuvi, mipango miji, zipo.

Na mtihani ukitaka mfano wa athari za bahari kupanda, msiandike wa nchi ya mbali mliyoikariri. Nendeni kwenye mabonde ya mpunga yanayoingiwa na maji ya chumvi, muulizeni mwenye shamba ameacha kulima tangu lini, kisha andikeni hilo.