Mtoto anaharisha, nimwachishe kunyonya?

SWALI: Dada, mwanangu ana miezi 8, anaharisha toka juzi. Mama mkwe anasema nisimnyonyeshe eti maziwa ndo yanazidisha. Nifanyeje?

JIBU: Pole sana mama. Usimwachishe kabisa, yaani ndo umnyonyeshe mara nyingi zaidi, usiku na mchana, maana kinachomuumiza mtoto anayeharisha ni kuishiwa maji na chumvi mwilini. Mpe ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini, koroga kama pakiti inavyoelekeza kwa maji safi, kila akiharisha mpe mililita 50 hadi 100 kwa kijiko taratibu, akitapika subiri dakika 10 kisha endelea polepole. Iliyobaki baada ya saa 24 mwaga. Uji wake mzito na chakula laini asikatiwe, mpe kidogokidogo. Uliza kituoni vidonge vya zinki, kwa umri wake ni miligramu 20 kwa siku, siku 10 hadi 14, hata akiacha kuharisha mmalizishe. Dawa za kufunga tumbo usimpe, naomba sana. Ila ukiona damu kwenye choo, macho yamezama, hakojoi, amelegea au hataki kunyonya, usingoje asubuhi, mkimbize hospitali huku unamnyonyesha njiani.