Noti inayobonyezwa kimya kwa Copland

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi napiga kinanda kwenye kwaya, na nampenda Aaron Copland, mtunzi wa Marekani, kwa sababu ya muziki wake wa dansi, Appalachian Spring. Juzi nimepata nota za Piano Variations, kazi yake ya piano, na inasikika tofauti kabisa. Ni huyuhuyu kweli? Halafu kuna noti zinazotakiwa kubonyezwa bila kutoa sauti huku nyingine zikipigwa. Nimejaribu, sisikii tofauti yoyote. Nakosea wapi?

Jibu: Marahaba. Hujakosea. Kama kinanda chako ni cha umeme, hakina nyuzi, na mbinu hii bila nyuzi haipo. Vile vya bei kubwa huiga kidogo.

Ndani ya piano halisi, nyuzi za kila noti hukandamizwa na kipande cha sufu ili zisilie ovyo. Ukibonyeza taratibu mno, nyundo haizifikii, lakini kipande kile kinanyanyuka na nyuzi zinabaki huru. Noti yenye undugu nazo ikipigwa, nazo zinaitikia.

Tafuta piano, hata ile ya kusimama, ufanye hivi. Shikilia C ya kati kimya. Piga C iliyo chini yake kwa nguvu, uiachie papo hapo. Utasikia C ya kati ikiimba peke yake, kwa sababu uzi wa C ya chini hautikisiki mzima tu. Hutikisika pia kwa nusu mbili, na kila nusu hutoa C ya juu. Sasa badala ya C ya chini piga C shapu iliyo jirani yake: karibu kimya. Usikanyage pedali ya kulia, utafungua nyuzi zote na usielewe chochote.

Na ndiyo, ni huyuhuyu. Variations ni ya mwaka 1930, miaka 14 kabla ya Appalachian Spring. Noti nne tu, E, C, D shapu na C shapu, zinazaa mada, mageuzi 20 (mada ileile ikirudi kwa sura mpya) na hitimisho, kwa dakika kama 11. Leonard Bernstein, mwongozaji wa okestra wa Marekani aliyeipenda sana, alitania kwamba akiipiga kwenye sherehe wageni huondoka. Mimi nasikia mkono uleule: noti chache, zimeachiana nafasi pana. Tofauti ni kwamba hapa zinagongana. Ndiyo maana usiharakishe zile za kimya. Baada ya pigo kali, mwangwi ule mwembamba ndio muziki wenyewe, na wanafunzi wengi wanaukatisha.

Ukishaizoea, nenda Short Symphony, kazi yake ya okestra ya 1933. Midundo yake inabadilika kila mara, hata waongozaji wakubwa wa Marekani waliiahirisha. Carlos Chávez, mwongozaji wa Mexico, ndiye aliyeitoa kwanza, Mexico City, 1934. Copland akaja kuipunguza iwe ya wapigaji sita.

Connotations, kazi yake nyingine ya okestra, iache mwisho. Aliitunga kwa ufunguzi wa ukumbi wa Philharmonic, New York, 1962, kwa mfumo unaozipa noti zote 12 uzito sawa, na wageni waliovalia kisherehe wakakutana na mafungu makali ya noti zinazopigwa pamoja kuanzia sekunde ya kwanza. Mimi mwenyewe niliizima mara mbili kabla ya kuimaliza.