Pareto yangu ni nyeupe pe, mbona kipimo kimeshuka?

Swali: Bwana shamba, habari za kazi. Nalima pareto heka moja huku Makete. Msimu huu nilisubiri maua yachanue yote, nikachuma kwa mkupuo mmoja, nikayajaza kwenye viroba, kesho yake ndipo nikayaanika. Yalipopimwa, ile sumu ya kuua wadudu iliyomo ndani ya maua ilikuwa chini na bei ikashuka. Jirani yangu mwenye maua madogo kanishinda. Nimekosea wapi?

Jibu: Nzuri, mama, na pole sana. Shamba lako sina shaka nalo. Pareto hutaka usiku wa baridi ndipo itoe maua, na Makete baridi mnayo. Mambo yaliharibika kuanzia siku ya kuchuma.

Chukua ua moja, lipasue katikati kwa wembe. Chini ya ile njano utaona vijimbegu vichanga vimesimama kama meno ya kitana. Karibu sumu yote imo humo; petali nyeupe tunazozisifia hazina kitu. Basi usiangalie weupe, angalia jicho la njano. Limejaa viua vidogo vidogo vinavyofunguka kuanzia pembeni kwenda katikati. Petali zikishalala na safu tatu au nne za pembeni zimefunguka, chuma. Ukiwahi, kijimbegu hakijajaza. Ukichelewa mpaka jicho liwe kahawia, kipimo kinashuka na mbegu zinadondoka shambani. Ndiyo maana tunarudia kuchuma kila wiki mbili au tatu. Uchume kichwa tu. Kikonyo kinaongeza uzito na kushusha kipimo.

Viroba ndivyo vilivyokuumiza zaidi. Kilo nne hadi tano za maua mabichi hutoa kilo moja tu kavu, kwa hiyo ni maji matupu hayo. Ukiyabana usiku kucha yanachemka kama lundo la samadi. Chumia kikapuni, anika siku ile ile, tabaka jembamba juu ya kichanja, na uyageuze. Bonyeza kichwa kwa vidole: kikivunjika kimekauka, kiondoe juani, maana jua la kupitiliza nalo hula sumu. Yatunze mazima, pakavu na gizani, uyapeleke mapema.

Ukirekebisha hayo na kipimo kikabaki chini, basi ni aina ya mche. Mvua zikianza, mwombe jirani akugawie vipande vya mashina yake. Mche wa kugawa shina hurithi kiwango cha sumu cha mama yake.