Meza iliyomwagiwa maji bado haijaoshwa

Mhariri, swali lenu la wiki lilikuwa: "Kwa nini meza za nyama na samaki sokoni humwagiwa maji mchana kutwa, na bado vyakula vinachafuka?" Ni kwa sababu maji matupu huhamisha uchafu kuliko yanavyouondoa. Ndoo ikimwagwa juu ya meza pale Darajani, damu na magamba huondoka, lakini mafuta na ute wa samaki hubaki, na ndani yake bakteria hujijengea utando wa kujikinga. Kuujua si kazi: meza inaonekana safi, ukipitisha kidole inateleza.

E. koli, bakteria wa matumboni, akipata joto linalomfaa hugawanyika kila dakika 20 hivi. Hata tukimpa nusu saa nzima, mmoja aliyeachwa mezani saa 12 asubuhi, akipata chakula na unyevu, hufika zaidi ya 16,000 saa 7 mchana. Masika ndiyo mabaya zaidi, maana meza haikauki.

Dawa ya klorini ipo madukani, ile ya kufulia nguo nyeupe, ila wengi huitia mahali pasipo pake. Klorini hujimaliza kwa kupambana na damu na mafuta kabla haijawafikia bakteria. Kwa hiyo kwanza kwangua magamba na vipande vya nyama, halafu sugua kwa maji ya sabuni na brashi ngumu (makumbi ya nazi hufaa, lakini yatupwe siku hiyo hiyo), kisha suuza mpaka utelezi uishe. Hapo ndipo klorini ifuate. Chupa ikiandikwa asilimia 3.5, tia vijiko 4 vya chakula, yaani mililita 60, katika ndoo ya lita 10 za maji baridi ya bomba. Meza ibaki imelowa dakika 2 au zaidi, kisha iachwe ikauke yenyewe. Changanya mpya kila asubuhi, na maji yakichafuka yamwage, kwani nguvu yake imekwisha. Chupa isikae juani.

Vigae navyo si salama kama vinavyong'aa. Uchafu hukaa kwenye maungio, na saruji ikishamong'onyoka brashi haifiki. Afadhali meza ya saruji iliyosuguliwa ikawa laini, yenye mteremko wa kuelekea mtaroni.

Gogo la mchinjaji lina mambo yake. Mti mkavu hunyonya majimaji na bakteria wengi hufia humo. Tatizo ni nyufa, ambamo damu haikauki. Jioni gogo likwanguliwe mpaka rangi ya mti ionekane, lisuguliwe kwa chumvi ya mawe, kisha lisimamishwe kwa ubavu ili chini nako kupite upepo. Kulifunika gunia bichi usiku ni kufuga bakteria. Ufa ukiingia ncha ya kisu, sehemu hiyo ikatwe au gogo libadilishwe. Kuku naye asikatwe juu ya gogo la ng'ombe: salmonela na kampilobakta, bakteria wa kuharisha, hupanda kutoka kwake kwenda kwenye nyama atakayonunua mtu mwingine.

Wauza samaki karibu na bandari, kama pale Malindi ya Unguja, hupenda kuchota maji ya bahari kwa kuwa ni ya bure. Sabuni haitoi povu vizuri humo, na kuna vibrio, bakteria wanaostawi kwenye chumvi. Maji ya ufukweni karibu na mitaro hayafai hata kwa kuoshea kisu.

Msiseme "moto utaua". Jodari na vibua wakilala kwenye joto, bakteria hutengeneza histamini, na histamini haiondoki kwa kupikwa. Mlaji huwashwa na kuwa mwekundu usoni, akadhani ana mzio.

Kitambaa kimoja kinachofuta meza, kisu na mikono ndicho kichafu kuliko meza yenyewe. Viwe kadhaa, vichemshwe dakika 5 jioni na kuanikwa; vikirundikwa ndani ya beseni kazi imepotea.

Na ndimu? Huondoa harufu ya samaki, kwa sababu asidi yake huifunga, lakini haitoshi kuua bakteria wa mezani. Ndimu wala siki isikutane kamwe na ile dawa ya klorini: hutoa gesi inayochoma koo na mapafu, na ndani ya banda lisilo na dirisha hiyo ni hatari kubwa.

Msomaji, Unguja