Anti, kila jumatatu naanza upya

SWALI: Anti shikamoo. Mi nina miaka 36, nauza dagaa wa jumla hapa soko la Mwaloni Kirumba, Mwanza, naishi Igoma. Mwezi wa pili nilipima nikaambiwa sukari imepanda, bado sijafika pa kutumia dawa ila nikiendelea hivi nitafika, nipunguze soda na nifanye mazoezi maana siku nzima nimekaa kwenye kiti na daftari. Anti nimeshaanza mara nne! Jumatatu naamka saa kumi na moja alfajiri nakimbia, jumanne nakimbia, jumatano najikokota, alhamisi nimelala fofofo. Soda ndo usiseme, naacha siku tano ya sita nakunywa mbili kufidia. Mke wangu anasema sina nia. Kweli sina nia?

JIBU: Marahaba mwanangu. Mtu asiye na nia haanzi mara nne, huyo hata mara moja haanzi. Nia unayo ila unaitwisha mzigo usio wake.

Kwanza niambie, nani alikwambia ukimbie? Daktari kasema mazoezi, hakusema kukimbia saa kumi na moja na mbwa wa Igoma nyuma yako. Nahisi ulichagua kukimbia kwa sababu ndo kinaonekana mazoezi, na mkeo anakuona. Kuna wanasaikolojia wawili wa Marekani, Edward Deci na Richard Ryan, wamefanyia kazi hii ishu ya motisha miaka mingi sana, na wanasema jambo linadumu mtu akiona amelichagua mwenyewe, akiona analiweza, na akiwa na watu anaoelewana nao pembeni. Sasa pima mbio zako: hukuzichagua kwa moyo wako, huziwezi, na uko peke yako gizani. Zitadumu vipi?

Mi ningekuwa wewe ningeshuka daladala pale mjini badala ya kuunganisha gari lingine, nitembee kwa miguu mpaka Kirumba, tena na jamaa wa meza ya jirani mkipiga stori za bei. Ukitembea harakaharaka nusu saa kwa siku, siku tano, tayari una dakika 150 za wiki, na hicho ndo kiwango cha chini ambacho Shirika la Afya Duniani linashauri kwa mtu mzima. Na usiseme "nitajitahidi kutembea", hiyo haina mguu wala mkono. Sema "nikishuka tu mjini, natembea". Mwanasaikolojia mmoja Mjerumani, Peter Gollwitzer, alionyesha kwamba mpango wa namna hii, wenye "nikifika hapa nafanya hiki", unamsaidia mtu kutekeleza kuliko nia tupu, maana ukifika pale huanzi tena kujadiliana na nafsi yako.

Soda vilevile. Unakunywa saa ngapi? Nabeti ni saa saba, ukishamaliza ugali na sato, mtoto wa dukani anapita na kreti. Basi wewe mwagize maji ya baridi kabla hujanawa mikono. Chupa ya mililita 350 ina sukari karibu vijiko 9 vya chai, we hebu vimwage kwenye kisahani siku moja uvitazame. Mi mwenyewe nilikuwa naweka vinne kwenye chai ya maziwa, maneno yote nayajua na bado naweka, mpaka nilipopandisha kopo la sukari juu ya kabati ambapo lazima nipande stuli, na magoti yangu haya yananiuma! Sa hivi naweka kimoja. Sikupata nia mpya wala nini, stuli tu.

Na ile stori ya kwamba tabia inajengeka kwa siku 21 inayozunguka kwenye magrupu achana nayo. Watafiti wa London waliwafuatilia watu 96, matokeo yakatoka mwaka 2010, wastani ikawa siku 66, wapo waliofika kwa siku 18 na wengine ilikadiriwa wangehitaji hata 254. Na kuruka siku moja hakukuharibu kitu. Wewe wa dagaa unalijua hili kuliko mimi: mbalamwezi ikiwa kali wavuvi wanapaki mitumbwi, giza likirudi wanarudi na taa zao, na hakuna anayesema wavuvi hawana nia. Alhamisi ukilala, ijumaa tembea, usisubiri jumatatu.

SWALI: Anti, mume wangu ana presha, miaka 52. Akiletewa chakula anamwaga chumvi kabla hajaonja. Nimesema nimechoka, nimemtumia mpaka video za watu waliopooza, ndo kwanza anazidisha na kayabo, samaki wa chumvi, juu. Nyegezi.

JIBU: Mdogo wangu, zima hizo video. Ukimbana mtu mzima, anapigania uhuru wake hata kama uhuru wenyewe ni kijiko cha chumvi, mwanasaikolojia Jack Brehm aliliandika hilo tangu 1966. Na mwaka 1983 William Miller, aliyekuwa anashughulika na watu wenye tatizo la pombe, akaandika kwamba mshauri akishupalia ubishi mnywaji naye anazidi kuitetea chupa, bora umuulize halafu yeye ndo aseme.

Kwa hiyo jioni, ameshakula, redio imezimwa, muulize: "Baba nanihii, kutoka sifuri mpaka kumi, kushusha hiyo presha kwako ni muhimu kiasi gani?" Akisema nne, usimwambie mbona ndogo. Muulize mbona hakusema moja. Hapo ataanza mwenyewe, sijui binti hajamaliza chuo, sijui kichwa kinamgonga usiku, wewe nyamaza usidakie. Ukidakia umeharibu.

Jikoni ni kwako, huko huombi ruhusa: chumvi ya sufuriani punguza kidogokidogo, limao na kitunguu ongeza, kayabo loweka umwage maji. Kiwango cha chumvi kinachoshauriwa kwa siku ni chini ya gramu 5, kama kijiko kimoja cha chai, na chote kilichomo kwenye chakula kinahesabiwa. Dawa zake asiache.

Na akikujibu sifuri usinune, mpakulie, wiki ijayo muulize tena.