Bidii ya shule peke yake inatosha?

Mkuu, umeuliza kama mtoto wa maskini akikazana na shule atatoka tu. Inasaidia, ila inategemea sana kazaliwa nchi gani. Mwaka 2018 OECD (shirika la kiuchumi la nchi ambazo nyingi ni tajiri) walikadiria kuwa familia ya kipato cha chini huko Denmark huchukua kama vizazi 2 kufikia kipato cha wastani. Marekani 5, Kolombia 11. Kumi na moja! Na Wadenmark hawajawazidi Wakolombia akili. Denmark raia hasomi chuo kikuu kwa ada, tena hupewa posho ya kujikimu, hivyo hategemei mfuko wa mzazi. Kwingine mwenye nacho humwachia mwanawe nyumba, mtaji, na (hili watu hulisahau) namba za simu za wanaoajiri.